Fidla ndani ya vurumai: uanze na bendi ipi ya metali ya asili?

Mpwa wangu anapiga fidla kwenye kikundi cha taarab huko Unguja. Majuzi kanitumia ujumbe wa sauti, kaanza na salamu kama alivyolelewa: "Shikamoo mjomba. Kuna wimbo nimeusikia kwa jirani, fidla inalia mle ndani, lakini mwimbaji anapiga kelele kama mtu aliyeona mwizi dirishani. Muziki gani ule? Na mimi nikiutaka, nianzie wapi?"

Swali la kwanza nilimjibu papo hapo. Ule ni folk metal: metali, ile ya magita ya umeme yenye mkwaruzo na dramu za kukimbizana, ikiwa imeoana na muziki wa jadi wa mahali fulani. Mimi nimezoea kuiita metali ya asili. Swali la pili lilinichukua jioni mbili, kwa sababu ukilitafuta jina hilo YouTube zitakuja bendi mia, zote zimevaa ngozi na manyoya, zote zimesimama msituni kwenye ukungu, na hujui ipi itakufaa mpaka bando limekwisha. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeongeza kidogo tu kwa faida ya wengine.

Kipimo cha mluzi

Mimi bendi za aina hii huzipima kwa mluzi. Sikiliza wimbo mara mbili, zima simu, nenda kaoshe vyombo. Baada ya dakika kumi utajikuta unapiga mluzi. Je, ni sauti ya nini inayokutoka? Kama ni ya fidla au filimbi, basi ala ya jadi ndiyo mwenye nyumba na gita ni mpangaji. Kama ni ya gita, ala ya jadi ni mgeni aliyekaribishwa chai: anapendeza pale sebuleni, lakini akiondoka nyumba inabaki vilevile. Aina zote mbili zina nyimbo nzuri. Ila mtu anayeshika upinde wa fidla kila Ijumaa usiku atachoka haraka na ya pili.

Mgawanyiko huo una umri sawa na muziki wenyewe. Mwaka 1990 huko Newcastle, Uingereza, Martin Walkyier, aliyekuwa ametoka bendi ya Sabbat, aliunda Skyclad pamoja na wenzake, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1991. Kufikia albamu ya pili, mwaka uliofuata, mpiga fidla alikuwa mwanachama kamili, si mtu wa kukodiwa siku moja studio. Mwaka huohuo wa 1990, Bathory ya Uswidi walitoa Hammerheart, albamu ya Waviking, mashua na kwaya nzito, bila ala ya kijijini ya kutajika. Hao walichukua hadithi za wazee, wale wa Newcastle walichukua ala. Karibu kila aliyefuata amekanyaga mojawapo ya nyayo hizo. Amorphis wa Ufini wakaimba mashairi ya Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini, mwaka 1994, hadithi mbele. Cruachan wa Dublin wakaja 1995 na nyimbo za Kiayalandi, ala mbele. Miaka ya 2000 ikawa mafuriko, hasa Ufini, hata mwaka 2008 msafara wa Paganfest ukazunguka Ulaya na Ensiferum, Korpiklaani, Eluveitie, Moonsorrow na Týr kwenye jukwaa moja. Historia inatosha. Tuchague.

Korpiklaani na Eluveitie, mezani pamoja

Nimeziweka hizi mbili kwanza kwa sababu ndizo utakazokutana nazo kabla ya nyingine zote, na kwa sababu watu huzichanganya wakati hazifanani hata kidogo.

Korpiklaani ni Wafini wa mji wa Lahti. Kiongozi wao, Jonne Järvelä, kabla ya hapo alikuwa na bendi iliyoitwa Shaman, iliyoimba kwa Kisami, lugha ya watu wa kaskazini kabisa. Mwaka 2003 wakabadili jina, wakapunguza vinanda vya umeme na kuingiza fidla na kodiani za kweli. Hilo la mwisho lishike, maana ndilo linalowatofautisha na jirani zao Finntroll wa Helsinki. Finntroll wana nyimbo kali na za kuchekesha, wanaimba Kiswidi, lakini sehemu kubwa ya kile unachodhani ni kodiani inatoka kwenye kinanda. Sikio la mpiga ala litaligundua hilo kabla ya kiitikio cha pili.

Mwendo wa Korpiklaani na Finntroll unatokana na humppa, dansi ya Kifini ya mbili-mbili yenye haraka, ambayo jina lake linaiga mlio wa bendi za matarumbeta za Kijerumani. Mtu wa pwani aliyesimuliwa au kuiona beni ataielewa bila mkalimani: ni gwaride lililokunywa likasahau linakokwenda. Nyimbo za Korpiklaani ni fupi, nyingi dakika tatu au nne. Sauti ya Jonne ni kavu, ya mtu aliyeimba usiku kucha, lakini hangurumi. Fidla na kodiani zinashika sauti moja kwa pamoja, gita linakata mapigo chini yake. Kwa kipimo cha mluzi wanapasi bila ubishi: sijawahi kujikuta napiga mluzi wa gita la Korpiklaani.

Kasoro wanayo, na ni bora uijue mapema. Ukisikiliza albamu tatu mfululizo, wimbo wa ishirini unafanana na wa nne. Halafu kuna pombe. Wana wimbo unaoitwa Vodka, wana Beer Beer, wana Tequila, na hayo si mafumbo. Nilimwambia mpwa wangu asiuweke wimbo wa Vodka kwa sauti kubwa mama yake akiwa jikoni, kwa sababu hata asiyejua Kiingereza neno hilo analijua.

Eluveitie ni Waswisi wa Winterthur. Chrigel Glanzmann aliianzisha mwaka 2002, na tangu hapo jukwaani wamekuwa kundi kubwa, watu wanane au tisa. Kundi zima lina fidla, filimbi za bati, zumari ya mfuko wa ngozi, kinubi, na hadigadi. Hii ya mwisho wengi wetu hatujaiona. Ni sanduku lenye nyuzi, ndani yake kuna gurudumu la mbao linalosugua nyuzi kama upinde usio na mwisho; mkono mmoja unazungusha kishikio, mwingine unabonyeza vitufe. Inalia kama fidla iliyomeza nyuki. Ukiisikia mara moja hutaisahau.

Wanaimba kwa Kiingereza, na pia kwa Kigauli, lugha iliyokwisha kufa karne nyingi zilizopita na ambayo leo inajulikana zaidi kwa maandishi machache ya kwenye mawe na vyombo. Wataalamu wa lugha huwasaidia kuiunga. Hapo mtu anaweza kuuliza: hiyo ni asili au ni maigizo? Mimi swali hilo linanisumbua kuliko linavyowasumbua wao. Lakini Wamakonde wanaochonga kwa ajili ya watalii nao ni Wamakonde, na kinyago kizuri ni kizuri.

Wimbo wao unaojulikana zaidi, Inis Mona wa mwaka 2008, haukutungwa kutoka hewani. Sauti yake ni Tri Martolod, wimbo wa kale wa Brittany, Ufaransa, kuhusu mabaharia watatu, ambao Alan Stivell aliufufua miaka ya 1970 kwa kinubi chake. Nilimtumia mpwa wangu zote mbili, ule wa Stivell kwanza. Baada ya saa moja nikapata ujumbe wa sauti: fidla yake, peke yake, inaucheza ule wimbo wa mabaharia kwa mwendo wa polepole, na mwisho akauchomekea madoido yake ya kitaarab ambayo hakuna Mbretoni aliyewahi kuyafikiria. Nyuma yake jogoo anawika. Niliusikiliza mara tano.

Tatizo la Eluveitie ni kelele. Chrigel ananguruma hasa, kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na kwenye albamu ya Slania, ile yenye Inis Mona, anafanya hivyo sehemu kubwa. Asiyezoea ataona fidla nzuri inaharibiwa bure. Dawa ipo. Mwaka 2009 walitoa Evocation I, albamu tulivu, ya ala za asili karibu tupu, Kigauli kwa wingi. Mtu anayependa ala na kuogopa makelele aanzie hapo, kisha arudi Slania masikio yakishakomaa. Jambo jingine: mwaka 2016 watatu waliondoka pamoja, akiwemo Anna Murphy aliyekuwa akiimba na kupiga hadigadi, wakaunda bendi ya Cellar Darling. Mwimbaji wa kike wa sasa, Fabienne Erni, ana sauti safi zaidi, ya kupaa. Ya Anna ilikuwa na giza ndani yake. Mimi ni wa Anna. Vijana wengi ni wa Fabienne, na sigombani nao.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: ukitaka muziki wa kukunyanyua kitini leo hii, bila kazi ya nyumbani, chukua Korpiklaani, albamu ya Tervaskanto ya 2007. Ukitaka muziki utakaokupa kitu kipya mara ya kumi, na uko tayari kuvumilia mngurumo, chukua Eluveitie.

The Hu: ambao mluzi unawashinda

Wamongolia hawa wa Ulaanbaatar walianza 2016, na mwishoni mwa 2018 walitoa video mbili, Yuve Yuve Yu na Wolf Totem, zilizosambaa kama moto wa nyika. Albamu yao ya kwanza, The Gereg, ikafuata 2019. Kuna wanaosema si metali hata kidogo, ni roki. Wenyewe wanaiita roki ya Kihunnu, kwa jina la Hunnu, dola ya kale ya nyika za kwao. Ugomvi huo waachie wenye muda.

Kilichonivuta mimi ni mpangilio wa kazi. Katika bendi nyingi za Ulaya gita la umeme ndilo msingi na ala ya jadi inapambwa juu yake. Hawa wamegeuza. Mkwaruzo ule mzito unaousikia unatoka kwa kiasi kikubwa kwenye morin khuur iliyotiwa umeme, fidla yao ya nyuzi mbili za singa za farasi, yenye kichwa cha farasi kilichochongwa juu kabisa. Aliyeona zeze la Wagogo au orutu ya Wajaluo ataona ukoo: sanduku dogo, nyuzi chache, upinde, na sauti inayofanana na mtu anayesema na wewe. Juu ya hapo kuna uimbaji wa koo, ambapo mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja, moja ya chini kama mashine ya kusaga, nyingine ya juu kama filimbi. Kipimo changu cha mluzi kinavunjika hapa. Ukienda kuosha vyombo utajikuta unakoroma.

Kwa anayeogopa metali, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Hakuna anayepiga kelele. Mwendo ni wa taratibu, wa farasi anayetembea, si anayekimbizwa. Lugha ni Kimongolia mwanzo hadi mwisho, na haikuzuii chochote. Upungufu wao ni kwamba wana mwendo mmoja wanaoupenda mno, na kwenye Rumble of Thunder ya 2022 nilianza kutamani farasi yule aruke hata kijito.

Kwa sikio la taarab

Hapa nitakwenda haraka, si kwa sababu bendi zenyewe ni ndogo bali kwa sababu msomaji wa pwani hahitaji kusukumwa. Kuna bendi ya Tunisia inaitwa Myrath. Soma jina hilo kwa sauti: ni mirathi, neno lilelile, kutoka Kiarabu kama letu. Mwimbaji wao, Zaher Zorgati, anaivuta sauti na kuikunja kwa namna ambayo bibi yangu angeitikia kwa "ee!" kabla ya kushituka kuwa chini yake kuna gita la umeme. Hangurumi hata mara moja. Albamu ya kuanzia ni Legacy ya 2016. Lawama yangu ni kwamba nyuzi nyingi za pale zimepangwa kama za filamu, zinajaa chumba kizima, na huwezi kusema fulani ndiye anayepiga. Mpiga fidla atasikia fidla ishirini na hatamjua hata mmoja.

Orphaned Land wa Israeli ni wakongwe zaidi, albamu yao ya kwanza, Sahara, ni ya 1994. Wao wana udi na bouzouki, ala ya nyuzi ya Kigiriki yenye shingo ndefu, zinazosikika moja moja, kidole kwa kidole. Mabool, ya 2004, ni hadithi ya gharika: wana watatu, kila mmoja na dini yake kati ya Uyahudi, Ukristo na Uislamu, wanajaribu kuwaonya watu kabla maji hayajafika. Mwaka 2013 walisafiri Ulaya na bendi ya Kipalestina ya Khalas kwenye basi moja. Kimuziki ni wagumu kuliko Myrath, nyimbo ndefu, kona nyingi, na mngurumo upo. Myrath kwanza, kisha hawa.

Na anayetaka Afrika kusini ya Sahara awatafute Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, wanaoimba Kiewe pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Albamu zao ni Zã Keli ya 2019 na Dzikkuh ya 2024. Huko anayebeba wimbo si mwenye nyuzi, ni ngoma na kengele. Gita linafuata ngoma, na dramu za kizungu zinajibana zipate nafasi. Mtu wa ngoma aanzie hapo na asisome sehemu nyingine yoyote ya makala hii.

Wa kuachwa mpaka baadaye

Moonsorrow. Nawapenda kuliko wote niliowataja, na ndiyo maana nasema usianze nao. Albamu yao ya 2007, V: Hävitetty, ina nyimbo mbili tu: moja inapita nusu saa na nyingine haikosi dakika ishirini na tano. Unakaa ndani yake kama unavyokaa ndani ya mvua ya masika. Ukiijia bila kuzoea utatoka umelowa na umekasirika.

Pia, kuwa macho na majina usiyoyajua. Kwenye pembe za muziki huu wa "damu na ardhi ya mababu" wamejificha watu wa siasa za ubaguzi wa rangi, na wanajua kuvaa manyoya kama wengine. Bendi ikikuvutia, tafuta kidogo wanasema nini nje ya jukwaa kabla hujavaa fulana yao.

Alichagua nini

Nilidhani nimemjua. Nilimpangia Evocation I ya Eluveitie kwanza, kisha Korpiklaani, kisha Myrath kwa sababu ya nyumbani. Mwisho wa orodha, kwa kujaza tu, niliweka Týr wa Visiwa vya Faroe, na wimbo mmoja, Ormurin Langi.

Huo una kisa chake. Wafaroe hawakuwa na utamaduni mkubwa wa ala. Walichokuwa nacho ni duara. Watu wanashikana mikono, wanazunguka, hatua mbili kushoto moja kulia, na wanaimba tenzi ndefu zenye beti kwa makumi, hakuna ngoma ila miguu kwenye sakafu ya mbao. Ormurin Langi ni utenzi wa namna hiyo, ulioandikwa na Jens Christian Djurhuus mwaka 1830, kuhusu mashua ya vita ya mfalme Olaf wa Norwe. Týr waliuchukua, wakaupa gita, besi na dramu, basi. Fidla hakuna, filimbi hakuna, kodiani hakuna. Ala ya jadi pale ni ubeti wenyewe na jinsi miguu inavyoukanyaga. Kwa kanuni yangu ya mluzi nilikuwa nimewapa alama za chini kwa muda mrefu, mpaka nilipogundua kuwa ninachopiga mluzi ni ule wimbo wa duara, na gita linafanya kazi ya miguu.

Juzi Jumapili mpwa wangu kanipigia. Eluveitie kawapenda, Korpiklaani kacheka nao, Myrath kasema "hawa ni kama sisi, mjomba, ila wana umeme mwingi." Lakini anayemsikiliza kila siku kwenye daladala ni Týr. Nikamuuliza imekuwaje, yeye mtu wa fidla, achague bendi pekee kwenye orodha isiyo na ala ya jadi.

"Ndiyo maana," akasema. "Kule kwingine fidla ina mwenyewe. Huku kiti kiko wazi." Kisha akaniweka spika ya simu mezani, akawasha Ormurin Langi kwenye redio ya mama yake, na ilipofika kwenye kiitikio akaingia.